Shikamoo ya Mjomba

Buswelu, Mwanza
Ijumaa jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, Mama, maana wiki hii nimejua jinsi salamu hii inavyoweza kumtia mtu hofu. Mguu unaendeleaje? Mihogo mliyoanika imekauka, au mvua imewawahi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na nusu ya Majita inasikiliza. Mwalimu anayekuletea barua hii hajui kilichomo.

Unajua meneja wetu wa kiwanda cha samaki aliacha kazi, na tangu hapo mdogo wako, Mjomba Magesa, ndiye aliyekuwa anakaimu. Wote tulijua nafasi ni yake. Ndiye aliyeniombea kazi pale, ndiye aliyenipa chumba hapa kwake, na kila aliyepita kwenye chumba cha baridi alikuwa anamwambia, "Huyu mpwa wangu ana digrii ya biashara." Sisi kazini tukisema digrii tunamaanisha ubaridi wa kile chumba, basi vibarua walikuwa wanamtania, "Na wewe mzee, una digrii ngapi?" Anajibu, "Hasi kumi na nane, ila umeme ukikatika zinayeyuka." Tulikuwa tunacheka sana.

Jana bosi aliniita ofisini. Nilidhani kuna mzigo wa minofu umeharibika. Akasema, "Rahel, kuanzia Jumatatu wewe ndiye meneja." Nikamwambia Mjomba yupo. Akasema, "Magesa namheshimu. Lakini wanunuzi wa nje wakiniuliza meneja wangu amesomea nini, niwajibu amezoea? Benki nao ni hivyo hivyo. Wanataka shahada ya biashara, na humu ndani unayo wewe tu."

Mama, kwa kitambo kidogo nilifurahi. Na bosi hasemi ovyo. Mjomba anamjua sangara kuliko sisi wote, lakini bei akipewa anaipokea tu. Mimi nilifundishwa kubishana nayo. Hofu ilinikamata bosi alipoendelea. Wasimamizi nao sasa lazima wawe na vyeti, alisema, na wasio navyo watapumzishwa. Kazi ya kuwaambia ni ya meneja. Mjomba Jumatatu anarudi kwenye usimamizi wake wa zamani, na hana hata cheti kimoja.

Nilitaka kumwambia jana ileile, nikashindwa. Alikuwa ameshasikia kwamba nimepewa umeneja, akanunua soda, akamwambia mkewe achinje kuku. Kabla ya kula akasali, akamshukuru Mungu kwa kuupa ukoo wetu meneja. La vyeti nadhani halijui.

Leo asubuhi nilitangulia kazini. Yeye alipofika getini, watu wamejaa, akavua kofia yake akasema, "Shikamoo, meneja." Hakuniita mjomba kama tunavyoitana siku zote. Wanawake wanaokata minofu wakacheka, na mimi nikacheka, nikasubiri naye acheke. Hakucheka. Alisimama pale, kofia mkononi, anangoja niitikie.

Nitamwitikiaje marahaba mtu aliyenibeba mgongoni? Mdomo ukawa mzito, nikakaa kimya. Nyuma yangu mmoja akasema, "Digrii imempanda kichwani huyo, hata salamu haitikii." Mjomba akavaa kofia yake akaingia ndani. Mchana kutwa hatukusemezana, na sasa hivi yuko nje anakula peke yake.

Alikuwa ananitania, Mama? Amekasirika? Au la vyeti ameshalisikia kwa watu, na ile shikamoo ndiyo namna yake ya kuniomba nisimfukuze? Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Jumatatu nitamwambia bosi sitaki umeneja bila Mjomba. Naogopa atanijibu kwamba wenye shahada wamejaa Mwanza, wanazunguka na bahasha mchana kutwa, na atakayeletwa badala yangu hatamjua Mjomba hata kwa jina. Wewe ni dada yake, anakusikiliza. La vyeti usimguse nalo, hilo ni la kwangu kumwambia. Mwulize tu ile salamu ilikuwa ya nini.

Nisalimie bibi, mwambie kitenge chake sijakisahau. Nisalimie dada anayekuuguza mguu, na mchungaji aliyeniombea nilipoondoka, aniombee tena. Mdogo wangu aliye kidato cha nne mwambie asome, asome sana, ila habari hizi asizisikie. Mke wa Mjomba anakusalimu. Yeye bado anafurahi.

Kesho hatuendi kazini. Nimepanga kuamka mapema nikasimame mlangoni kwa Mjomba, nimwahi kwa shikamoo kabla yeye hajaniwahi. Naogopa tu asije akawa na yeye amepanga hivyo hivyo.

Ni mimi mwanao, ambaye kwako si meneja,

Rahel