Jina Lako Halikatwi

Ukunda, Jumapili

Mdogo wangu Mwanasha,

Marahaba kabla hujaamkia, maana najua utaamkia. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua, na hapa kwa mwanangu hawajui kupika wali. Macho yako je? Mkaza mwanao anayekusomea barua hii asome polepole, wala asiruke ninapokufokea.

Umetuma maneno kwamba madaktari wa macho hawakutaki, eti umeuliza zahanati na jina lako halimo. Jina limo. Lilikuwa limeharibika, na aliyeliharibu ni mjukuu wetu Zainabu.

Anajifunza kompyuta hapa mjini, akapewa kazi ya kuhamisha orodha ya wagonjwa kutoka maandishi ya kawaida, iwe jedwali la madaktari. Akatunga programu yake ya kwanza. Siku mbili anaizima mashine na kuiwasha, analia kuwa ni mbovu. Nikamwambia anipe karatasi iliyotoka. Nikasoma: Agnes Mutheu, kijiji Munje, jicho kushoto. Sawasawa. Nikakufikia wewe: jina Mwanasha, la pili binti, kijiji Mbwana, jicho Vanga. Jicho, Mwanasha. Gari la madaktari lingekutafuta kijiji chenye jina la marehemu baba.

"Nisomee waliotoka salama," nikamwambia. Wote watu wa bara, majina mawili mawili. Walioharibika ni sisi wenye binti. Kumbe programu inakata kila inapoona nafasi tupu.

Tukampelekea mwalimu wake, mtu wa bara, naye akacheka. "Shosho, si tukate tu majina yabaki mawili?"

"Mimi si shosho yako wala bibi yako. Vanga ina Mwanasha saba. Ukimwondolea huyu jina la baba yake, utampasua nani jicho?"

Nikamgeukia Zainabu. "Umenikuta nikisuka mikeka tangu uzaliwe. Nikitaka mpaka uonekane natia ukindu mweusi, sitii mweupe juu ya mweupe. Tafuta alama isiyomo katika jina la mtu yeyote."

Akaweka alama ya kijiti kilichosimama baina ya jina na kijiji, baina ya kijiji na jicho, mstari kwa mstari, mimi nikimwonyesha jina la kila mtu linaishia wapi. Programu akaiamuru ikate penye kijiti tu. Ukatoka mzima: Mwanasha binti Mbwana, Vanga, kulia.

Basi gari linakuja Alhamisi. Nasikia pia unasema umezeeka, eti hilo la kushoto bado linaona kwa ukungu, linakutosha. Sikugombana na mwalimu wa watu ili wewe ukae barazani ukingoja giza. Utapanda.

Nisalimie shemeji yangu, huyo mumeo mvivu, na mkaza mwana msomaji. Barua hii usiichane. Tulikaa dawati moja kule darasa la ngumbaru, na wewe ndiye uliyenipita kwa kusoma. Wakikufungua kitambaa, isome mwenyewe, uone kama nimeliandika jina lako lote.

Dada yako,
Mwanaidi binti Mbwana