Neno Lililosikika Uani

Padova, wiki ya pili ya Kwaresima

Shangazi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu huko monasterini, wewe na masista wote. Kile kifua kimepoa, au baridi ya Vicenza bado inakusumbua? Mimi ni mzima wa mwili. Dada yangu Zanetta si mzima, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unamjua kaka yako. Aliapa kwamba sitaolewa na Alvise wangu mpaka dada yangu atoke nyumbani kwanza, na Zanetta alikuwa amemkataa Gaspare mchinjaji mara tatu. Mara ya tatu Baba alimchapa mkanda mpaka ukakatika. Kisha akanyamaza, nasi tukadhani yamekwisha.

Siku ya mwisho ya Kanivali, ile sherehe ya kuamkia Kwaresima, tulicheza uani mchezo wetu wa kuchekesha wa kila mwaka, Baba akiigiza baba wa bibi arusi, Zanetta bibi arusi mwenye shela. Mwishoni, kama kawaida, baba huunganisha mikono ya wapenzi mbele ya mwandishi wa mikataba. Safari hii mchumba alipovua barakoa alikuwa Gaspare, na mwandishi alikuwa wa kweli. Nawe wajua, huku kwetu kushikana mikono na kusema "nataka" mbele ya mashahidi ni ndoa tayari.

Zanetta akavuta mkono. Baba akampiga kofi la mdomo, damu ikalowesha shela, majirani wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja akapaza sauti, "Mwongeze, mzee, huyo kichwa ngumu." Baba akamwongeza kweli. Akamkunja mkono mpaka nikasikia mfupa ukivunjika, na watu wakapiga makofi. Kisha neno "nataka" likasikika, mwandishi akaandika.

Sasa yuko kwa Gaspare. Jumapili nilimwona kanisani, jicho limefumba, meno mawili hayapo. Nilipomshika bega aliniambia, "Niachie, mdogo wangu, hapo panauma." Amepeleka shauri kwa Askofu akisema hakutamka lolote. Watu sitini wanasema walimsikia.

Shangazi, hakutamka. Alikuwa amezirai, Baba ndiye aliyemshikilia asianguke. Mimi nilikuwa mtumishi wake mchezoni, nimesimama nyuma yake nikishika shela, na aliyesema "nataka" ni mimi. Hakunituma mtu. Nilimtaka Alvise, nikaona nafasi, nikamuuza ndugu yangu.

Jana nilimwambia Baba kwamba Alhamisi nitasema ukweli mbele ya Askofu. Hakunipiga. Alicheka, akasema, "Kaseme, mwanangu. Mwenye mkono atarudi nyumbani, na mwenye sauti atakwenda kwa Gaspare. Yule hachagui." Sijui kama sheria inamruhusu. Ninachojua ni kwamba tangu jana Gaspare anapita mbele ya mlango wetu na kunisalimia kwa jina.

Hata hivyo nitasema. Nina hofu, lakini nitasema.

Wasalimie masista, nami naibusu mikono yako. Zanetta akiachiliwa nitamwambia akimbilie kwako, asirudi kwa Baba; mpe kitanda karibu na moto. Andaa kimoja tu.

Binti wa kaka yako,
Orsolina