Wati Ishirini Zinatosha

Newala, 11 Juni 2024

Baba Mujibu, mtani wangu,

Mmeamkaje huko Chiwata, wewe na Wayao wenzako? Mimi mzima, meno matatu bado yananitii na mikorosho imeanza kuchanua. Nyumba ndiyo kimya tangu Mama Flora atutoke, ila ukimya unisumbue nini, masikio yenyewe yalishastaafu.

Nakuuliza, uko wapi? Kila saa nne asubuhi nakaa mbele ya hiyo kompyuta aliyotufungia kijana wako kwenye redio zetu za kuitana. Redio inapiga ule mluzi wake, maandishi yanaruka kuja kwako, nangoja jina lako kwenye kioo. Hamna. Siku tisa! Ukitokea mara moja unapotea kama mkwe mwenye deni la mahari.

Nikasema redio yangu haimfikii mzee wa watu. Nimepandisha wati za kurushia mpaka kifundo cha kuzungushia kimegota. Mia moja! Newala nzima hamna mwanaume mwenye wati mia. Juzi Mjapani kanijibu, nusura nipasue kioo kwa hasira, maana si wewe.

Jitokeze, mla panya we.

Mtani wako,
Baba Flora


Chiwata, 19 Juni 2024

Baba Flora,

Barua yako kaileta kondakta, nimecheka mpaka nikakohoa. Afya yangu ni hiyohiyo ya uzee. Pole na upweke wa nyumba.

Ila Bartholomayo, shusha hizo wati! Miaka ishirini tumefanya kazi karakana ya misheni, yule mtawa Bruda katufundisha redio wote wawili, wewe ukawa unasikia nusu tu, hata kabla ya uziwi. Ukiongea kwa mdomo unameza mate, unatafuta neno, redio nayo inapoa. Huu mluzi wa kompyuta haumezi mate. Sekunde kumi na tano redio imebeba gunia zima la wati bila kutua, inashika pumzi kidogo, inabebeshwa tena. Weka ishirini. Gusa zile mbavu za bati za kutolea joto mgongoni kwake. Mkono ukishindwa kukaa, zima, kaangalie mikorosho. Tena ipepee, lile feni lake ni dogo.

Wati ishirini zinanifikia.

Mtani wako,
Baba Mujibu


Newala, 8 Julai 2024

Baba Mujibu,

Salamu nyingi, na za Mama Mujibu ziwe mbili. Mwandiko wako siku hizi umenyooka, umeanza darasa la kwanza?

Mimi nina msiba. Redio imekufa. Imepigwa na radi, radi kubwa sijapata kuona, mbuzi watatu wa jirani wamegeuka weupe.

Haya, najua. Julai hakuna radi. Nitasema.

Uliniambia niipepee. Mimi shule sikuimaliza, lakini akili ninayo. Nikasema feni la nini, wakati lile bomba langu la mota, la kupulizia salfa kwenye mikorosho, linang'oa mpaka kofia ya mtu? Nikafungua mfuniko wa redio, nikawasha bomba, nikailenga. Upepo safi! Nikabaki na wati zangu mia, maana sasa si inapoa?

Kumbe kwenye tangi salfa ilibaki. Redio ikawa ya njano kama kifaranga. Ule unga ukajaa kwenye mbavu, feni likakwama, mimi bado naita tu jina lako, Mahmudu, Mahmudu. Harufu nimeipata. Moshi nimeuona. Nikajiambia nikuite mara moja tena.

Fundi Ladislaus wa Masasi kaifungua, katikisa kichwa. Transista za kutolea nguvu zimeungua, na aina hiyo haiuzwi tena.

Usinicheke sana. Saa nne bado nakaa pale kwenye kiti. Mguu wenyewe unanipeleka.

Baba Flora


Chiwata, 2 Agosti 2024

Baba Flora, ndugu yangu,

Nimecheka, Mungu anisamehe. Mmakonde kaipulizia redio salfa ili izae korosho! Nimewahadithia msikiti mzima.

Sasa sikiliza. Mwandiko huu ni wa mjukuu wangu Rahima. Na ule uliopita pia. Macho yamekwisha. Yalianza kunizimikia mwezi wa tano, nimekwenda hospitali Ndanda, daktari kasema ni presha ya macho, yaliyokwenda hayarudi. Zile siku tisa nilikuwa nimekaa hapahapa, mluzi wako nausikia vizuri kabisa. Kilichoandikwa kwenye kioo ndicho nisichokiona. Nikawa nabonyeza kwa kubahatisha. Ulikuwa unanifikia, Bartholomayo. Ungeweka hata wati elfu, macho yangu yasingefunguka.

Sikukwambia kwa aibu. Miaka yote nakutania kiziwi.

Redio yangu nimempa kondakta, imefungwa kwenye blanketi. Ni yako. Mimi ya nini? Usiipulizie kitu.

Ndugu yako,
Baba Mujibu


Newala, 27 Agosti 2024

Ndugu yangu Mahmudu,

Rahima mwanangu, msomee babu yako polepole, usiruke matusi.

Redio imefika nzima. Nilitaka kuirudisha, nikaifungua, nikaifunga, nikalia kidogo, jirani nikamwambia ni vumbi. Nimeiweka mezani, wati ishirini, mgongo wake mbali na ukuta upate hewa. Nafuta mbavu kwa brashi ya kunyolea. Nikiita dakika kumi nanyamaza dakika kumi, kiganja nimekiweka juu yake. Ina joto kama la mtoto aliyelala.

Watu wananijibu. Mhindi, Mrusi, juzi mmoja wa kisiwani huko, hata sikijui. Mtu anatuma jina, anatuma namba, asante, kwaheri. Hamna aliyeniuliza nimekula nini. Hamna hata mmoja anayejua kunitukana.

Nilisema nije huko. Nikawaza: nitaongea, utanisikia. Utajibu, nitaangalia mdomo wako tu. Basi nitakuja hivyohivyo, korosho zikishauzwa.

Kwa sasa wewe kaa karibu na redio ndogo ya Rahima, kama inashika masafa mafupi, aifungulie pale petu. Saa nne utasikia mluzi. Usitafute maneno yake, huyawezi. Ni mimi naita jina lako, wati ishirini tu, na jibu sitalingoja.

Ndugu yako,
Bartholomayo