Alama Ambayo Sikuiweka

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenipapasa shingo. Kuna kinundu kwenye tezi, upande wa kushoto, kama punje ya hindi. Anataka kipigwe picha ya mionzi. Nimecheka mpaka nikakohoa. Miaka thelathini na moja niliwapiga wengine picha hiyohiyo – sasa zamu yangu. Kasema moyo wangu hauwezi upasuaji. Picha ya nini basi? "Ili tujue, Mzee."

Mimi ninajua mengi kuliko ninavyotaka.

Mkamwana ndiye atakayenipeleka, mwanangu yuko safarini. Ndiye anayeniogesha, ndiye anayeninywesha uji. Laiti angekuwa binti wa mtu mwingine yeyote.

Jumatano, 5 Machi

Niandike kabla mkono haujakataa kabisa.

Mama yake mkamwana. Karatasi ya daktari ilisema tu: kinundu shingoni. Kanuni ni kumpapasa mgonjwa kwanza, kukitafuta kinundu kwa vidole, kisha kuweka alama juu yake ili ionekane kwenye picha. Siku hiyo wagonjwa walikuwa kumi na wanane, nami nilijiona bingwa. Sikumgusa. Picha ikaonyesha doa linalowaka, kulia. Nikaandika: kinundu ni moto. Kinachofyonza namna hiyo dawa ya mionzi tunayomdunga mgonjwa ni nadra kuwa saratani. Kilicho baridi, kisichofyonza, ndicho cha kuchomwa sindano na kupimwa. Mganga mkuu akatia saini bila kutazama. Aliniamini. Mama wa watu akaambiwa aende nyumbani, hana neno.

Alirudi baada ya mwaka, sauti imekauka. Hapo ndipo nilipompapasa. Kushoto! Nikaitoa picha ya zamani aliyokuja nayo: kushoto palikuwa na giza, waziwazi kabisa mbele ya macho yangu. Alikuwa na viwili. Daktari alikigusa kimoja, mimi nikakiandika kingine.

Nikairudisha picha kwenye bahasha yake, nikamkabidhi. Alipofariki, watu wakasema ugonjwa umemvamia ghafla. Nikaitikia: ghafla, ndiyo.

Miaka sita baadaye mwanangu akamleta mchumba. Nikauliza jina la mama yake. Nikaimeza siri yangu, nikawapa baraka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepigwa picha. Mpiga picha ni mama mmoja mwenye miwani, mikono yake baridi. Kanipapasa polepole, kanibandikia kitone cha alama. Mkamwana akauliza ni cha nini.

"Bila hiki, dada, naweza kuona uvimbe mwingine nikadhani ndio wenyewe. Muulize mzee, mwalimu wetu huyu."

Mkamwana akanitania: "Baba, leo usimfundishe mtu kazi. Lala tu."

Wakacheka. Kisha mkamwana akaacha kucheka. Tulipofika, akinivua viatu: "Baba, picha ya mama, ile iliyosema hana neno, uliipiga wewe?"

Nikasema shingo inaniuma. Haiumi.

Jumamosi, 8 Machi

Majibu yangu: baridi. Sikushtuka. Afadhali mimi, ingawa afadhali hiyo haimfufui mtu.

Mkamwana alitoka asubuhi, akaenda kwa dada yake, akarudi na bahasha ya mama yao. Walikuwa wameitunza wakati wote huu! "Nisomee, Baba. Wewe ndiye unayejua." Kasema kwa upole, kaniwekea mto mgongoni. Hana hasira. Bado hana. Hilo ndilo linalonimaliza.

Ningeweza kumwambia macho hayaoni. Angeniamini. Ningekufa kesho, akanililia kama baba yake.

Mume wake amepiga simu. Namsikia ukumbini: "Nitakupigia. Baba anataka kunieleza jambo."

Sikumwambia kwamba nataka.

Amerudi, ameketi kitandani kwangu. Ameinua picha kuelekea dirishani. "Hapa panawaka, nimeona. Na hapa penye giza ni nini?"

Nimemwomba nimalize mstari huu. Amesema, andika tu Baba, sina haraka. Kidole chake kiko palepale, kwenye giza. Hajakiondoa.