Maporomoko ya Wanale kwenye Kiti cha Mama Mkwe

Mpendwa Kukhu Nambozo, bibi yetu sote tunaokuandikia gazetini, naomba unishike mkono kabla sindano haijaniponyoka kabisa.

Mimi ni binti wa Walukuba, hapa Jinja, nimechumbiwa na Barasa ambaye kwao ni Malukhu, Mbale, na kwao bibi harusi haendi mikono mitupu, anakwenda na vitambaa vya viti alivyodarizi mwenyewe, vyote vya mchoro mmoja, waridi jekundu katikati na majani mawili, sebule ya mama mkwe ikishavaa vitambaa hivyo ndipo watu wanasema tumepata mke. Nami nilianza waridi, Kukhu, naapa nilianza, lakini nilikuwa nanunua nyuzi kwa Mama Hemlata, yule Mhindi mwenye duka la nguo mjini, akanionyesha mishono ya kwao, jinsi ya kushonea kioo kidogo kwenye nguo kikakaa kama tone la maji, na tangu siku hiyo sijielewi, naingia dukani kununua uzi mmoja natoka jua limelala, nagusa pamba, nagusa kitani, nagusa satini, kila kimoja kinauambia mkono wangu neno lake, nikiona ukungu juu ya mto asubuhi naona uzi mweupe uliochambuliwa, mvua ikidunda kwenye mabati naona vifundo vidogo vidogo vya kijivu.

Basi nikadarizi maporomoko ya Wanale juu ya satini ya samawati, vile nilivyoyaona siku Barasa aliponipeleka kwao mara ya kwanza, mlima umejifunika wingu na maji yananing'inia kama uzi uliosahauliwa, nikatia mshono wa mnyororo kwa maji na vioo kwa povu, nikampelekea mama mkwe. Lillian, wifi yangu, alicheka mpaka akakaa chini. "Nangila, hiki ni kitambaa cha kiti ama umedarizi ndoto za malaria?" Mama hakucheka. Alipitisha kidole kwenye yale maji, akapitisha tena, akakigeuza nyuma, akasema, "Mimi niliomba waridi," akakikunja akanirudishia. Barasa naye ananiambia, "Si umpe tu mama waridi zake, ndoto utashona ukiwa kwako," lakini nikishika waridi mkono unakufa, naogopa nikikubali sasa sitashona kitu changu tena maisha yangu yote, na nikikataa naingia nyumba ile kama mke mkaidi. Nifanye nini?

Nangila, Walukuba

Nangila,

Pumua kwanza. Barua yako nimeisoma polepole, maana mimi shule niliiacha mapema, na wewe nukta unazifanyia uchoyo.

Sitakuambia uache kuota. Kuna asubuhi nilikaa mlangoni kwangu hapa Mbale, wingu likashuka kutoka Wanale, likaja mpaka mapajani mwangu, nisijue uzi mweupe unaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Sikushona kitu. Nilikaa tu na sindano mkononi. Vitambaa nilivyomaliza nimesahau vingi, asubuhi ile sijaisahau. Mtu asiyeota anafuata tu mistari iliyonakiliwa kwa karatasi ya kaboni, na hiyo si kazi, ni adhabu.

Lakini mjukuu wangu, wewe ni mjinga kidogo. Umeandika mwenyewe na hukujisikia. Mama alikigeuza nyuma! Mshonaji hugeuza kitambaa kama mnunuzi wa ng'ombe anavyotazama meno. Aliona nini huko? Hukuniambia, kwa hiyo najua: nyuzi zimeruka kutoka kioo hadi kioo kama panzi, na mafundo ya mtu anayefunga mbuzi. Na vioo kwenye kiti, jamani? Mgongo wa mtu mzima unaegemea pale! Unataka mama mkwe wako aegemee chupa? Ndiyo maana akataka waridi. Waridi la uzi halichomi.

Sasa sikiliza upande wa pili. Alipitisha kidole mara mbili. Mtu hagusi mara mbili kitu alichokichukia. Yule mama ameyaona maji yale tangu aolewe Malukhu, akifua, akipika, akizaa, na pengine hakuna hata siku moja mtu aliyemletea maji hayo ndani ya nyumba. Wewe umemletea, halafu umemletea vibaya.

Lillian, kama unasoma, lete waridi lako nasi tulicheke.

Fanya hivi. Satini iache, inateleza kitini kama kambare. Chukua pamba nzito, inayovumilia sabuni, kwa sababu atakayeifua ni wewe. Viti vya wageni vipe waridi, ndiyo, na usininunie. Sebule ni yake, na wageni ni wake. Lakini majani hakuna aliyekuamuru uyashone vipi. Kila kiti kipe majani yenye mshono wake, kimoja mnyororo, kingine vifundo, kingine ule ukungu wako uliochambuliwa. Mkono wako hautakufa, utakuwa na mahali pa kutembea. Na Barasa mwambie huko kwako anakokutaja ndiko huko huko unakokwenda, hakuna kwingine kunakokungojea.

Kitambaa cha kiti cha mama mkwe usikishone huko kwenu. Panda gari uje Mbale na pamba tupu, sindano na nyuzi zako zote. Kaa karibu naye umwulize, "Mama, maji ya Wanale ukiyatazama kutoka mlangoni kwako, yana rangi gani?" Kisha funga mdomo. Akisema kijivu, tia kijivu. Akisema zambarau, usicheke. Povu lake liwe vifundo laini, kioo hata kimoja nisikione. Na akikunyang'anya sindano atie mshono mwenyewe, hata ukipinda, usiufumue kamwe.

Na mkimaliza, kigeuze nyuma wewe, kabla yake.

Kukhu Nambozo, Mbale