Bwana wa Lango Ameshushwa Cheo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na magoti yasiwe yanakusumbua. Mimi sijambo, ila bega la kulia, lile nililokuandikia wewe peke yako, linalalamika kila ninapopandisha matofali ghorofani.

Mdogo wangu alikudokezea kwamba jioni nacheza mchezo wa simu. Ni kweli. Humo tuna ngome ya enzi za mapanga na farasi, na chama chetu kina vyeo. Anayeingia huanza kama mtwana, anabeba mawe ya ukuta. Akivumilia anakuwa askari, kisha mpanda farasi, kisha bwana. Juu ya wote yuko Malkia, ambaye nasikia anauza viatu. Ni mwiko kumwita mkubwa wako bila cheo chake. Huku kazini msimamizi ananiita "wewe". Kule nilikuwa Mheshimiwa Bwana wa Lango. Usinicheke, Mama. Cheo kile nilikisotea.

Basi akaingia mtwana mpya, anajiita Kuku Mweupe. Baraza linapanga vita, yeye akamuuliza Malkia kama amekula. Watu wakavunjika mbavu. Akaonywa. Mara akamwambia jemadari apunguze kufoka, atapandisha presha. Malkia akataka kumfukuza. Desturi yetu inamruhusu bwana kumdhamini mtwana kwa cheo chake: mtwana akikosa tena, bwana anashushwa awe mtwana mwenzake. Nikamdhamini. Wenzangu ninaolala nao chumba kimoja wakaniuliza kama nimerogwa.

Jana tumejipanga langoni, adui yuko ng'ambo ya mto, Kuku Mweupe akaniandikia mbele ya wote: "Baba, bega limepoa?"

Malkia akanivua cheo palepale. Nilibaki nimeikodolea macho simu, nikawaambia wenzangu ni saruji imeniingia machoni.

Kumbe ni wewe, Mama. Na kuku wako mweupe anayetagia chini ya kitanda, sikumkumbuka!

Usiniombe radhi. Jioni utanikuta ukutani nabeba mawe, njoo tubebe pamoja. Watwana hawaitani kwa vyeo, kwa hiyo uliza unachotaka. Bega limepoa kidogo. Nimekula.

Msalimie mdogo wangu, mwambie nimeshamjua mwalimu wako wa mchezo. Wasalimie majirani na huyo kuku.

Ni mimi mwanao,
mtwana mwenzio.