Mnara Wangu wa Tangi

Jumanne usiku

Tangi ya maji imeshuka. Mimi ndio nimesema ishuke, hakuna mtu amenilazimisha.

Huo mnara wa mawe niliujenga na mikono yangu. Kitengela yote hakuna mzee mwingine anaweza. Shida ni huu udongo mweusi, ukinywa maji unafura. Mnara ukaanza kuinamia jikoni ya bibi yangu, Mama Naserian. Majirani wakicheka, nawaambia hata Italia kuko na mnara umeinama, na wazungu wanapanda ndege kwenda kuupiga picha.

Lakini ukweli niliogopa, mvua ikinyesha usiku nainuka kuchungulia kama bado umesimama. Na tangi ikijaa...

Leo asubuhi nikamwambia Mama Naserian tena hiyo habari ya Italia. Akaweka sufuria chini, akaniangalia.

"Mzee, hao wazungu wanapika chini yake?"

Nikaita vijana wakamwaga maji, wakashusha tangi, wakatoa mawe moja moja mpaka chini.

Sasa mvua inapiga mabati kwa nguvu. Mama Naserian ako jikoni, anaimba vibaya kama kawaida yake, na mimi sijainuka hata mara moja kwenda kuchungulia.